Je, mwenye msitu katika shamba lake Pemba ana motisha gani ya Serikali?

Mrithi, Micheweni
Assalamu alaikum. Marehemu baba ametuachia shamba ambalo juu ni mikarafuu, na upande wa bondeni ni msitu wa asili wenye mitondoo, mivule michache na chemchem wanayoteka majirani. Wadogo zangu wamekwisha kumleta mnunuzi wa mbao, naye ameitia mitondoo alama za rangi. Hoja yao ni kwamba msitu hauingizi hata senti. Naomba kujuzwa kama Serikali ina utaratibu wowote wa kumsaidia anayeuhifadhi msitu ulio shambani mwake, iwe ni ruzuku, miche au msamaha wa ada, kwani nimesoma kwamba Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inautambua msitu wa mtu binafsi.

Mkaazi wa Wete
Waalaikumu salaam. Sheria uliyoisoma ni ya Tanzania Bara. Misitu si jambo la Muungano, na huku kwetu inayotumika ni Sheria Namba 10 ya 1996, ambayo imejengwa zaidi juu ya hifadhi, vibali na makubaliano na jamii kuliko juu ya kumlipa mwenye shamba. Kumbuka pia kwamba ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma na mtu hupewa haki ya kuitumia, ilhali miti kwa mila zetu yaweza kuwa ya mtu mwengine kabisa. Basi kabla ya kuuliza motisha, warithi waelewane nani mwenye ardhi na nani mwenye miti. Na huyo mnunuzi asiguse kitu bila ya kibali cha Idara ya Misitu.

Mkulima wa karafuu, Mkoani
Mimi nitasema jambo ambalo huenda lisipendeze. Serikali yetu inajua sana kutoa motisha, ila imeielekeza kwenye mkarafuu: miche hugaiwa, Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, ndilo mnunuzi, na sera imekuwa ni kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje. Mwenye bonde la mitondoo hana mnunuzi wa namna hiyo isipokuwa mtu wa msumeno, kwa hiyo anayefyeka ili apande mikarafuu anafuata hesabu aliyowekewa, wala si mjinga. Kosta Rika, kwa sheria yao ya mwaka huohuo wa 1996, waliamua kumlipa mwenye msitu kwa maji, hewa na viumbe anavyovitunza, na sehemu ya kodi ya mafuta ya gari ndiyo inayogharimia malipo hayo. Sisemi tuwaige kila kitu (wao wana hatimiliki za watu binafsi), lakini chemchem yako, ami, inanywesha mtaa mzima na hakuna anayeilipia.

Msomaji wa Unguja Kusini
Huku kwenye msitu wa hifadhi wa Jozani na kijiji cha Pete wapo wakulima ambao kima punju, wale kima wekundu ambao watalii huja kuwaona, hula katika mashamba yao, na sehemu ya viingilio vya watalii imekuwa ikiwarudia wakulima hao na vijiji vinavyouzunguka msitu. Fedha hupitia katika umoja na kamati. Mtu mmoja akienda peke yake na eka zake mbili hasikilizwi. Kwa hiyo ningekushauri uende kwa sheha uulize kama shehia yenu imo katika makubaliano ya usimamizi wa misitu ya jamii, yale yanayoitwa COFMA, na kama bonde lenu laweza kuingizwa ndani yake, hapo mtakuwa na mipaka iliyoandikwa na kamati ya kuzuia wakataji. Kipato cha haraka zaidi ni mizinga ya nyuki, ambayo haihitaji kuangusha mti.

Mrithi, Micheweni
Nashukuruni nyote. Sheha nitamwendea. Tatizo ni kwamba karatasi za shamba bado zina jina la babu. Je, kamati itakubali kuliandika bonde hilo kabla mirathi haijakamilika mahakamani?

Mkaazi wa Wete
Anzeni na mirathi kwa Kadhi. Ndugu mmoja akikataa baadaye, makubaliano hayo yatavunjika, na mnunuzi wa mbao atakuwa wa kwanza kulijua hilo.