Vitiligo: dawa ya kupaka, tiba ya mwanga, au vyote kwa pamoja?

Mleta mada
Habari zenu ndugu. Mdogo wangu ana vitiligo, yaani mabaka meupe ya ngozi iliyopoteza rangi, shingoni, kuzunguka macho na kwenye ncha za vidole. Daktari wa ngozi amempa njia tatu: marhamu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi) peke yake, mwanga wa urujuanimno peke yake, au vyote viwili. Je, faida ya kuunganisha inastahili nauli ya kliniki mara mbili au tatu kwa wiki?

Mfamasia wa Pwani
Swali hilo hasa lilichunguzwa Uingereza katika utafiti wa HI-Light, uliochapishwa mwaka 2021. Washiriki 517, watoto kwa watu wazima, waligawanywa katika makundi matatu. Walijimulika nyumbani kwa taa ya mkononi kila baada ya siku moja, na marhamu ya mometasoni, aina ya steroidi, waliipaka wiki moja na kuipumzisha wiki inayofuata. Baada ya miezi tisa, waliosema kwamba baka lililofuatiliwa limefifia sana au halionekani tena walikuwa asilimia 17 kwa marhamu pekee, 22 kwa mwanga pekee, na 27 kwa vyote viwili. Kuunganisha kunashinda, ingawa takriban watatu kati ya wanne hawakufikia kiwango hicho, jambo ambalo wauza matumaini hulinyamazia.

Bint Ngozi
Namba hizo ni sahihi, lakini mahali baka lilipo ni jambo zito kuliko tofauti ya asilimia tano. Rangi hurudi zaidi kutokana na seli za rangi zilizosalia kwenye mashina ya vinyweleo, na ndiyo maana huanza kama vitone vya kahawia ndani ya baka. Ncha za vidole hazina vinyweleo, na baka ambalo nywele zake zimekuwa nyeupe lina akiba ndogo. Kwa hiyo ningetegemea shingo na uso, vidole nisiviahidi chochote. Kuzunguka macho, steroidi hukondesha ngozi na inaweza kupandisha presha ya jicho, hivyo muulizeni daktari kuhusu takrolimasi, dawa ya kupaka isiyo steroidi.

Mleta mada
Ahsanteni. Na jua la asubuhi haliwezi kushika nafasi ya taa?

Mfamasia wa Pwani
Hapana, ndugu yangu. Taa hizo hutoa miale ya takriban nanomita 311, kwa kipimo kinachopandishwa taratibu kulingana na wekundu wa ngozi, ilhali jua halina kipimo na baka huungua upesi. Tafadhali msinunue pia zile krimu za mkorogo zenye klobetasoli, steroidi kali sana.

Mzee wa Kliniki
Mimi natofautiana nanyi kidogo. Kama nauli inaruhusu kliniki mara moja tu kwa wiki, afadhali marhamu yanayopakwa kwa utaratibu, chini ya uangalizi, kuliko mwanga wa kurukaruka. Nauli ikipatikana, aunganishe, avae miwani ya kinga, na asikate tamaa kabla ya miezi mitatu. Ajue pia kwamba kwa baadhi ya watu rangi iliyorudi hupotea tena tiba inapokoma, kwa hiyo bajeti ya nauli isiishie siku baka litakapofunga.