Tupeane uzoefu: insha za Historia, saa imekwisha na bado uko swali la kwanza

Mama Shabab: Kijana wangu yuko kidato cha nne hapa Nakuru. Jana nimempima na saa ya simu: insha moja, dakika arobaini na tano! Na pepa ni saa mbili unusu, maswali mafupi ya alama 25, kisha insha tano za alama 15 kila moja. Nimekumbuka yangu, tumbo likanikata. Nyinyi mlitoboa vipi?

Omena Kavu: Sikutoboa. Nilitobolewa.

Mvua ya Kakamega: Wacha niwaambie. Swali: kwa nini Wanandi walishindwa na Waingereza. Nyanya yangu ni Mnandi, hadithi hiyo nimeinywa na maziwa ya mursik. Nikaanza na Meinertzhagen, afisa wa Waingereza, akienda kukutana na Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, 19 Oktoba 1905, eti mazungumzo ya amani, kumbe risasi. Nikaomba karatasi ya ziada. Biki inavuja, kidole cha kati kimekuwa buluu mpaka kwenye fundo. Nje mvua ya mawe ikashuka juu ya mabati. Sisi wa nyuma tunaona tu mdomo wa msimamizi ukichezacheza. Nilidhani analalamikia mvua. Kumbe anatangaza nusu saa, kisha dakika kumi. Ilipotulia, yuko kando yangu ameshika karatasi. Koitalel ndiyo kwanza nimemzika, insha mbili sijazigusa. Baadaye mwalimu ananiuliza: bunduki za Waingereza ulitaja? Wamasai waliowasaidia? Nyumba kuchomwa, ng'ombe kuchukuliwa? Wapi! Kurasa tatu, pointi moja.

Omena Kavu: Kurasa tatu pointi moja 😂 nimemwaga chai.

Mwanawanga: Pole. Mimi niliangukia Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, nikamwandika kama mjukuu wake.

Mtu wa Webuye: Mjukuu wa msaliti. Babu zetu Wabukusu walikufa kwenye ngome ya Chetambe 1895, Mumia yuko upande wa Mzungu.

Mwanawanga: Kutumia akili si usaliti. Na pepa huuliza sababu za kushirikiana, haiulizi nani msaliti.

Mtu wa Webuye: Ndiyo maana mnapita.

Mama Shabab: Jamani, kijana wangu!

Mzee wa Fomu Siksi: Nyinyi mlikatiwa swali vipande, (a) na (b). Sisi wa KACE, mtihani wa kidato cha sita, kabla mfumo wa 8-4-4 haujaleta KCSE, huu wa kidato cha nne, 1989, ulipewa mstari mmoja, "Jadili", ukaachwa hapo na Mungu wako.

Omena Kavu: Shikamoo mzee. Mlikuwa mnaandika kwa unyoya?

Chaki Mkononi: Mama, "eleza" ya alama kumi ni pointi tano, alama mbili mbili. Sentensi ya pointi, sentensi ya kuieleza, asonge. Akitaja tu, anapoteza nusu. Dakika 25 kila insha, zinabaki 25 za maswali mafupi, ambayo ayafanye kwanza.

Omena Kavu: Aanze na insha. Hayo mafupi hata msimamizi akiwa anakusanya unajaza.

Chaki Mkononi: Usimharibie mtoto wa watu.

Dada wa Kondele: Aende choo kwanza. Simtanii.

Mvua ya Kakamega: Na akae mbele.

Dada wa Kondele: Kwani ulipata ngapi?

Mvua ya Kakamega: C kavu. Nyanya alisema msahihishaji hakuwa Mnandi.

Mtu wa Webuye: Alikuwa wa Mumias huyo.