Jando kwenye dunia ya kubuni, kila upande upate lake vipi?

kalamu_ya_wanale
Habari zenu wakubwa. Niko naandika stori ya fantasia, baadae nataka iwe komiki. Kuna kabila moja limegawanyika mara tatu, wengine wako juu mlimani, wengine kwenye mbuga kavu wanafuga, wengine kando ya ziwa, na wote wanadai babu yao ni mmoja. Kila upande nimewapa jando lao lakini nikisoma naona kitu ni kilekile nimebadilisha rangi tu, huku wanapaka nyeupe, huku nyekundu, huku manyoya. Haina uzito kabisa. Nyie mnafanyaje?

musani256
Ssebo, uko Mbale hapa Uganda alafu unauliza? Achana na rangi, jiulize kijana anapimwa nini. Kwenye imbalu, jando letu sisi Wagisu, kipimo ni kusimama, anasimama wima mbele ya kijiji kizima kisu kinapita na yeye hatikisiki, akitikisika aibu ni ya ukoo wote. Na kabla ya hapo kashazunguka kwa ndugu anacheza ngoma ya kadodi, kapakwa kimea cha wimbi, kapewa zawadi, kwahiyo siku ikifika hawezi kurudi nyuma maana ameshakula vya watu.

Sasa angalia Wabukusu hapo ng'ambo Kenya, ni ndugu zetu kabisa, mlima mmoja wa Elgon, na wao pia wanatahiri miaka ya namba shufwa kama sisi. Lakini wao wana majina ya marika manane yanayozunguka, jina likipita litarudi baada ya karibu miaka mia. Sisi kila mwaka wa imbalu tunaupa jina kwa jambo lililotokea, basi, haurudi tena. Yaani kisu kimoja lakini hesabu ya miaka mbili tofauti. Hiyo kwangu ina uzito kuliko manyoya.

mchungaji_moroto
Hao wako wa mbugani wasitahiri kabisa. Kwa Wakaramojong, wafugaji wa kaskazini mashariki mwa Uganda, kisu hakuna, kuna asapan, mwanaume anachoma fahali mkuki, anapakwa mavi ya tumboni ya yule ng'ombe, wazee wanambariki. Ugumu uko kwenye foleni, sio kwenye maumivu. Watoto hawawezi kuingia kizazi cha baba zao, wanaingia kinachofuata, na wazee wasipokabidhi madaraka kila mtu anangoja. Wanaume wamezeeka wakingoja, mtu ana wajukuu na kwenye baraza bado anahesabika mtoto.

nyabo_wa_ziwani
Na watu wa ziwa wasiwe na jando lolote, kwani lazima? Sisi Baganda kwa mila hatutahiri, zamani waliotahiriwa walikuwa Waislamu na hao ni kwa dini, na jirani wa Mbale hawachoki kututania. Huo utani uweke kwenye stori, mtu wa ziwani anaenda kuoa mlimani alafu anaulizwa umesimama wapi wewe 😂

chepkwata
Mnasahau jambo moja, mila inakatazwa pia. Kwetu Kapchorwa wasichana walikuwa wanakeketwa, wazee wenyewe wa Sabiny, kabila letu, walianza kupinga miaka ya 90, sheria ya nchi ikaja 2010, na bado wengine wakawa wanavuka mpaka kwenda kufanyiwa kwa siri. Kaka, hao watu wako wote wanafanya ya babu mmoja bila ugomvi? Hakuna hata bibi mmoja anayekataa mjukuu wake asiguswe? Mimi nisingesoma.

kalamu_ya_wanale
Asanteni, chepkwata umenishika hapo, bibi anaingia. Ziwani nafuta yote nabakisha utani. Na huyo mzee wa mbugani mwenye wajukuu ambaye bado ni mtoto, huyo anakuwa mhusika mkuu, yule kijana wangu shujaa akae pembeni kwanza.

musani256
Sawa, ila mkimalizia mbugani, hao wajukuu wake wanangoja nyuma ya nani?

mchungaji_moroto
Nyuma ya baba zao, ambao wako nyuma yake. Ndio maana vijana wanawakasirikia wazee, andika hiyo.