Naomba ushauri: jirani anadhani wanangu "wametumwa karo" (wamerudishwa nyumbani kufuata ada ya shule)

Habari zenu wapendwa. Tumehamia Kisumu kutoka Mwanza. Ziwa ni lile lile, mambo ni mengine kabisa. Wanangu wawili nawafundisha mwenyewe nyumbani.

Juzi saa nne asubuhi tuko barazani na madaftari, bibi wa jirani akachungulia juu ya ua: "Pole mama, wametumwa karo?" Nikamweleza, akatikisa kichwa kwa huruma. Jioni akaja na bakuli la omena (kwetu dagaa) na shilingi 200 zimefundikwa kwenye ncha ya leso. "Anza na hii." Nimezirudisha mara mbili. Mara ya pili zilirudi na mayai.

Kuna hili la hesabu pia. Tangu nianze kwenda na mdogo soko la Kibuye, ukimuuliza 50 mara mbili anajibu, "Finje mbili ni soo." Ishirini anaiita mbao! Mimi mbao najua za kupaulia. Jibu ni sahihi, sasa nimpe vema au nimkate?

Wenyeji, bibi nimweleweshe vipi bila kumvunjia heshima? Mayai tumeshakula.