Baba kuchomwa sindano ya pafu

Swali:
Shikamooni wakubwa. Baba ana uvimbe pafu la kulia. Makohozi yamepimwa kwa GeneXpert, TB haikuonekana. Daktari anataka kuchukua kinyama cha uvimbe kwa sindano ili kipimwe, akiongozwa na picha za CT scan. Baba kagoma, anasema uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa. Nimwambie nini?

Jibu:
Marahaba mwanangu. Mimi ni nesi, chumba cha kipimo hicho nakijua. Atapigwa ganzi, kisha picha zinaonyesha ncha ya sindano imefika wapi. Akiambiwa abane pumzi, abane. Asikohoe wala kuongea. Tatizo linalotokea zaidi ni hewa kuvuja nje ya pafu, ndiyo maana hupigwa eksirei baadaye. Mara nyingi huisha yenyewe. Wachache huwekewa mpira kifuani wa kutoa hewa hiyo. Saratani kusambaa kupitia njia ya sindano ni nadra mno. Na bila kinyama watamtibu nini? Saratani, fangasi na TB huweza kufanana kabisa kwenye picha.

Jibu:
Anatumia aspirini au warfarini, dawa zinazozuia damu kuganda? Daktari ajue mapema. Asiache mwenyewe.

Muulizaji:
Aspirini anameza kila siku! Napiga simu kliniki sasa hivi.

Nesi:
Vizuri. Akikohoa damu kidogo baadaye, msishtuke. Damu ikizidi, kifua kikibana au pumzi ikikata, mrudisheni hospitali hata usiku wa manane.