Ugomvi wa rangi ya waigizaji kwenye muvi, sisi wa Dodoma unatuhusu?

Mkazi_Nkuhungu:
Wadau habari za jioni. Leo kazini tumebishana sana, jamaa mmoja anasema Wamarekani wamezidi, kila muvi lazima waweke mweusi. Akaanza na The Little Mermaid ya 2023 ambayo nguva kachezwa na Halle Bailey, nikamwambia kaka, nguva hayupo duniani, sasa rangi yake halisi umeijuaje? Hapo akakwama, ila akanibana kwa Cleopatra, malkia wa Misri ya kale, kwenye ile ya Netflix ya mwaka huohuo, kachezwa na dada mweusi na Misri wakaja juu. Nyie mnaonaje?

MamaKisasa:
Huyo jamaa yako angejua wenzetu walikotoka asingesema wamezidi. Hattie McDaniel ndo mweusi wa kwanza kupata Oscar, ile tuzo kubwa ya filamu Marekani, 1940, na alipewa kwa kucheza mtumishi wa ndani, na siku ya kupokea alikalishwa meza ya pembeni mbali na waigizaji wenzake kwa sababu hoteli ile ilikuwa haipokei weusi!! Mwanamke mweusi kuchukua ya mwigizaji mkuu ikaja 2002, Halle Berry. Hesabu mwenyewe hiyo miaka. Watu walikuwepo na vipaji walikuwa navyo, nafasi ndo walikuwa hawapewi.

Mrangi_Halisi:
Mkazi_Nkuhungu nakuunga mkono kwenye nguva, ila kwenye Cleopatra jamaa yako ana hoja. Ukoo wake ni wa Ptolemaio, asili yao Makedonia huko Ulaya, hiyo ni historia. Ila pia tusisahau 1956 John Wayne alicheza Genghis Khan, Mzungu wa Marekani anakuwa Mmongolia, huo nao ni uongo. Mimi naumia tunagombania malkia wa watu wakati hapo Singida kuna Liti Kidanka, mwanamke shujaa wa zamani, Wanyaturu wanasimulia alivyowapiga Wajerumani kwa nyuki. Mpaka uwanja wa mpira unaitwa Liti. Hiyo ndo muvi ninayoitaka mimi.

Binti_wa_UDOM:
Mbona wote mnaangalia Marekani tu? Angalieni muvi zetu. Stelingi wa kike lazima awe mweupe, kama hana weupe anautafuta kwa mkorogo, msichana wa kazi ndo anakuwa mweusi tii. Mmasai akitokea ni mlinzi. Mgogo akitokea ni ombaomba anaongea lafudhi watu wacheke. Mimi ni Mgogo wa Chamwino na hiyo inaniuma kuliko Oscar. Babu zetu walikufa njaa ile ya Mtunya kwa sababu vita ya kwanza ya dunia majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalichukua ng'ombe na nafaka halafu mvua ikakata, hiyo stori haichezwi, inachezwa ya kuomba tu. Na Hukwe Zawose aliyezunguka dunia akipiga ala za ilimba na zeze alikuwa Mgogo, yeye hamumuigizi.

Shuti_Area_C:
Nashuti harusi na video za kwaya, ngoja niseme la upande wangu. Maprodyuza wengi wanachagua weupe kwa madai kwamba mweusi "haonekani" kwenye kamera. Zamani Kodak walikuwa wanapanga rangi za picha kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, ikitoka yeye vizuri basi mashine iko sawa, sisi tukitoka macho na meno tu. Siku hizi kamera ni nzuri, tatizo ni taa. Mweusi ukimmulika mbele tu na taa kali uso unang'aa sehemu moja kwingine giza, weka taa kubwa laini ubavuni, nyingine ndogo nyuma ya bega, ukutani usiweke kitambaa cheupe maana kamera inapima ukuta badala ya uso. Bi harusi mweusi anatoka vizuri sana bila ile poda nyeupe ya kufanana na mtu aliyemwagiwa unga.

Mkazi_Nkuhungu:
Binti_wa_UDOM umenigusa mdogo wangu, pole sana, kesho hiyo ya Mtunya naipeleka kazini. Mrangi, huyo Liti tumpe nani?

Mrangi_Halisi:
Mnyaturu mwenyewe mkuu, aongee Kinyaturu mwanzo mwisho, maandishi ya Kiswahili yapite chini. Black Panther ya 2018 sehemu kadhaa waliongea Kixhosa cha Afrika Kusini na dunia nzima ikalipa kiingilio.

Binti_wa_UDOM:
Na awe mweusi. Shuti_Area_C taa ni zako.