Je, mrengo wa kushoto huwa laini kwa wahalifu?

Mkazi wa Kirumba: Ndugu zangu, hapa mwaloni hubishaniwa sana kwamba viongozi wa mrengo wa kushoto huwaonea huruma wahalifu. Je, historia yetu inaunga mkono dai hilo?

Mwanasheria, Nyamagana: Haiungi mkono hata kidogo. Serikali ya Mwalimu Nyerere, aliyefuata siasa ya ujamaa ya mrengo huo, ilikuwa na sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi tangu 1962, na mwaka 1963 ikaweka kiwango cha chini cha adhabu kwa makosa kadhaa, pamoja na viboko. Msako wa wahujumu uchumi wa 1983, uliosimamiwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, ulikwenda mbali zaidi, kwani washtakiwa walipelekwa mbele ya baraza maalumu ambako mawakili hawakuruhusiwa, hadi sheria ya 1984 ilipozihamishia kesi hizo Mahakama Kuu. Wanaomsifu Sokoine vijiweni hulipita jambo hilo kimyakimya.

Mzee wa Magu: Mwanangu, usiisahau Usukuma. Sungusungu, yaani walinzi wa jadi wa vijijini, walianza huku mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya wizi wa ng'ombe, na Mwalimu aliwaunga mkono ingawa walihukumu watu nje ya mahakama.

Mkazi wa Kirumba: Shikamoo, mzee. Je, kuna kiongozi aliyewajibika kwa ukali uliopita kiasi?

Mzee wa Magu: Marahaba. Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani mwaka 1977, kutokana na vifo vya watuhumiwa waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga.